Mafuta Yasiyokohoza

Jumatano, 6 Novemba

Nimefika Castelpruno mchana. Kuingia tu kichochoro chetu — bendera ya mtaa wetu, nyekundu kwa nyeupe, inaning'inia dirishani kwa baba. Novemba! Bendera hutoka Mei, siku za mashindano ya pinde, kisha zinarudi sandukuni.

Nimemuuliza. Akajibu kwa utulivu kwamba ngoma zimeshalia, ni mimi tu sikuzisikia. Baba yangu Ottorino, mlenga shabaha wa mtaa mzima! Nimeogopa.

Halafu akapika supu ya dengu, chumvi sawasawa kabisa. Sasa nishike lipi?

Kaka Duilio anakuja Jumapili kutoka Perugia. Amepata nafasi kwenye nyumba ya wazee kule bondeni, anangoja neno langu tu. Nikisema baba hajiwezi, Jumatatu anahamishwa. Nikisema anajiweza, anabaki kwake. Kumhukumu baba yangu mzazi — kazi gani hii?

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefungua dirisha asubuhi: Settimia, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, naye katundika bendera yake. Ya kijani, ya mtaa mpinzani. Uchokozi mtupu! Yeye na baba hawaivi chungu kimoja tangu marehemu mumewe alipodai, mbele ya padri na umati wote, kwamba baba alivuka mstari kabla ya kufyatua mshale. Tangu siku hiyo salamu hakuna.

Nimefunga dirisha kwa kishindo, ajue.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo kuchuma zeituni. Nilipitia kwanza kinuni, kule tunakokamulia mafuta, kuulizia zamu. Niliposhuka chini ya ukuta wa mji, baba ameshatandika nyavu, yuko juu ya ngazi, anachana matawi kwa reki yake, anaimba.

Lakini miti ile si yetu. Ni ya Settimia!

Hapa hakuna ua wala alama, kila mtu anaijua mizeituni yake. Na yetu baba ameipogoa kwa mkono wake maisha yake yote.

Settimia naye huyo hapo, mikono kiunoni, anamtazama. Nikangoja mvua ya matusi. Haikunyesha. Alikusanya nyavu zake, akahamia kwenye miti yetu, akaanza kuchuma.

Nikamfuata kumwomba radhi. Hakuacha kuchuma.

"Mwache baba yako achume, Nives mwanangu. Zeituni ni zeituni. Mume wangu nilimpeleka kule bondeni baada ya mavuno. Pasaka hakuiona. Kaka yako asijue."

Kumbe hata ile bendera! Aliitundika ili ya baba isichekwe peke yake. Nami nikamfungia dirisha usoni. Aibu yangu.

Jioni baba amekaa kinuni kando ya zeituni zake hadi tone la mwisho, kama ilivyo ada, asije mtu akamchanganyia. Nimecheka. Kisha nimejifungia chooni nikalia.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Baba kaniita kwa jina la mama mara mbili. Nimeitika.

Funika kombe mwanaharamu apite, wanasema. Ila huyu anayekuja kesho ni kaka yangu, na anampenda baba kama mimi. Nimdanganye?

Jumapili, 10 Novemba

Nimemdanganya. Duilio aliniuliza mlangoni, nikasema anajiweza. Nilimwona anavyoshusha pumzi.

Chakula kilianza vizuri, baba akitania kitambi cha Duilio. Kisha akamimina mafuta mapya juu ya mkate wa kuchoma, akatugawia. Nyumba hii ina sheria moja: mafuta yasiyokukohoza si mafuta. Yetu hukereketa koo, ndiyo sifa yake.

Tukatafuna. Hakuna aliyekohoa.

Baba akaonja tena, polepole. "Haya si yetu."

Duilio akasema labda ni mwaka wenyewe. Baba akatikisa kichwa.

"Haya ni ya Settimia. Laini. Ametuchumia miti yetu, mwizi yule."

Macho yake yameisahau miti, ulimi haujasahau! Duilio akanitazama kama anayesema, kweli, mzee yuko timamu. Akachukua koti, akatoka. Ilinipasa niseme wakati ule ule. Mdomo wangu ulikuwa umejaa mkate na mafuta ya Settimia.

Sasa anagonga mlango wa Settimia. Nasikia kila kitu. Nami badala ya kuvuka kichochoro nimetoa shajara, naandika. Mwoga mimi.

Dirisha limefunguliwa. Duilio anauliza, bado kwa adabu. Ni nani amechuma miti ya Ottorino?



Halafu sauti ya Settimia, ya kusikika hadi kanisani: "Mimi. Nimeiba."

Baba hajainua uso. "Niliwaambia," anasema, na kupangusa sahani kwa mkate.

Madirisha mengine yanafunguka. Duilio ananiita nitoke, nikasikie mwenyewe.