Mstari Ambao Baba Hakuukanyaga

Mtaa wa Fulton,
Cleveland, Ohio.
12 Oktoba 1998

Mpendwa Kaka Gerald,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na huko Alaska theluji imeshaanza? Mgongo wa wifi Maureen unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila usingizi umekuwa haba tangu Baba alazwe katika hospitali ya chuo kikuu.

Najua Daktari Pruitt alikupigia simu akakuambia kwamba kiharusi kimemharibu Baba, hawezi tena kutembea sawasawa, na heri apelekwe nyumba ya wazee. Najua pia kwamba ulikubali. Nilikasirika, Kaka, sikufichi. Lakini soma kwanza mpaka mwisho.

Kesho yake nilikwenda kujionea. Pale wodini wana kipimo: mgonjwa hutembea juu ya mstari mweupe uliopakwa sakafuni, kisigino kikigusa vidole. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wamejipanga ukutani na makoti yao mapya. Baba akaufikia mstari, akautazama, akaweka mguu pembeni. Wakamrudisha, akauruka. Walipomrudisha tena akasimama kabisa na kununa. Mwanafunzi mmoja akawaambia wenzake kwamba ubongo haupeleki tena habari miguuni, nao wakaitikia kwa vichwa.

Nilishikwa na kicheko, kisha na hasira. Miaka yote ile Baba alipokuwa mrusha mpira wa besiboli katika ligi ndogo, uliwahi kumwona akikanyaga mstari wa chokaa akiingia au kutoka uwanjani? Warushaji wa rika lake wote waliuruka, maana kuukanyaga kulileta nuksi, na kueleza sababu kulikuwa nuksi zaidi. Wewe uliyewabebea magongo kila kiangazi ndiye uliyepaswa kumwambia daktari.

"Baba, waeleze basi," nikamnong'oneza.

"Mambo ya uwanjani hayasemwi," akanijibu. "Na wewe funga mdomo."

Sikuufunga. Nilimweleza Daktari Pruitt yote. Akasema kwa upole kwamba kipimo ni kipimo, na kwamba kila siku huwaona watoto wakiwatetea wazazi wao. Nikamwambia atafute sakafu isiyo na mstari, na kwamba mimi siondoki hapo mpaka aione miguu ya baba yangu. Nikavua koti, nikaketi. Mwishowe alichoka na mimi, tukaenda kwenye ujia wa nyuma, karibu na jiko.

Kaka, alitembea. Kisigino kwa vidole, mikono kainyosha, jasho likimtoka, mpaka kwenye mlango wa jiko. Katikati aliyumba nikataka kumshika, akanikata jicho. Daktari akamwomba arudi, akarudi vilevile. Nililia mbele ya wapishi, na wala sikuona haya.

Mkono wa kushoto bado mzito, hilo ni kweli, na mazoezi yatakuwa ya muda mrefu. Lakini habari ya nyumba ya wazee imekwisha, na usiifufue. Nimempa chumba chako cha chini ili asipande ngazi. Vikombe vyako vya ushindi wa kuogelea viko darini. Krismasi utalala sebuleni, maana utakuja.

Jana ndipo tulipotoka. Hospitali haimruhusu mgonjwa kutoka kwa miguu, kwa hiyo nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Karibu na mlango kuna mstari mwingine, wa manjano. Baba akainua mkono, nikasimama. Daktari Pruitt, aliyekuwa akitusindikiza, akainama. Alishika upande wake wa kiti, nami wangu, tukakinyanyua, Baba akavuka bila kuugusa.

Nje aliniambia hivi: "Mwandikie Gerald. Mwambie miguu yangu haijasahau kitu. Yeye ndiye kasahau."

Nimeandika kama alivyosema.

Shangazi Dolores anakusalimu, na anakufumia soksi nzito. Nisalimie Maureen na watoto. Mungu awakinge na baridi ya huko, na akulete salama mezani kwetu. Ukifika, pale mlangoni inua mguu, usikanyage kizingiti. Baba atakuwa anatazama.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Rosemary