Mchanga Katika Kiatu cha Mwalimu

Papa Ngoy,

Nimechoka, na ninakuandikia hivyo hivyo, maana nikingoja nguvu zirudi utakaa bila habari.

Filamu yetu haijaisha. Najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza watoto wako wanaendeleaje. Watoto hawajambo. Filamu ndiyo imekwama palepale ulipotuachia: ziwa lilikauka, rubani akatumwa kwenye nyota kutafuta maji, maji yamerudi, na sasa anamtafuta mwalimu wake amwulize swali la mwisho. Mwalimu ulikuwa wewe.

Unakumbuka tulivyohangaika kumtengeneza? Mimi mshona nguo nilidhani ninajua sinema kwa kuwa nilikushikia taa ukipiga picha kwenye harusi za watu. Nikamvika mwalimu kofia ngumu ya pikipiki, nikamtia taa kifuani na sauti nzito ya kutisha. Tukawaonyesha majirani, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilinuna siku nzima. Wewe ukasema, "Huyu iko na taa mingi, lakini haina tabia. Watu watamukumbuka kwa nini?"

Tukazitoa taa. Ukavaa koti lako la zamani la kazi ya reli, nami nikalishonea vibati mabegani ili uonekane mtu wa dunia nyingine. Halafu ukaleta kile kiatu. Kila rubani alipouliza jambo, mwalimu hakujibu mpaka avue kiatu kimoja, amwage mchanga, akivae tena. Tulipigia picha ufukoni, kamera ikilipa ziwa mgongo ili lionekane limekauka. Nilikwambia watazamaji watachoka kungoja. Ukasema waache wangoje, ndipo watalisikia jibu. Baada ya hapo hata wauza mikate wa mtaani kwetu walikuita Mwalimu, wakivua viatu ukipita. Ulijifanya umekasirika. Ulipenda sana, Papa.

Kisha homa ile. Sitaiandika. Nikipata picha nzuri bado ninageuka kukuonyesha.

Siku ya kumaliza matanga familia iligawa nguo zako, kama inavyotakiwa. Koti likaenda kwa dada yako, Mama Feza. Nilikuwa nimeketi pale pale. Ningesema nini? Kwamba hiyo si nguo ya marehemu, ni ya sinema? Ulikuwa umelivaa miaka mingi kabla mwalimu hajazaliwa.

Tulimjaribu mtu mwingine, na koti jipya. Alivua kiatu vizuri, alimwaga mchanga vizuri, na hakuna aliyemwamini, hata rubani. Ndipo nikaenda sokoni kwa Mama Feza kuliomba koti.

Alikuwa anapanga ndakala zake, wale samaki wadogo wa ziwani, amelivaa kwa ajili ya upepo wa asubuhi. Vibati vyote alikwisha kuvifumua. Nilitaka kulia kwa ajili ya vibati, ebu fikiria. Nikamweleza kwamba bila koti hakuna mwalimu, na bila mwalimu kazi yako yote itabaki kipande ambacho hakuna atakayekiona. Akavua ndala moja, akakung'uta mchanga, akaivaa tena.

Kumbe hukubuni kitu! Akaniambia mama yenu alifanya hivyo kila mlipomwomba jambo, nanyi mlijifunza kungoja. Kisha akanipa jibu lake: "Koti sitatoa. Nilipewa mbele ya watu. Kama munataka picha, mukuje munipige hapa, nikiuzisha samaki. Kuigiza mimi siwezi."

Kwa hiyo tumebadilisha mwisho. Rubani anarudi, mwalimu hayupo tena, na koti lake analikuta sokoni, limevaliwa na mama anayeuza samaki wa ziwa lililorudi. Anamwuliza yeye.

Jana tulikwenda kujaribu. Rubani wetu alichelewa kama kawaida yake, wewe unamjua, basi nikasimama mahali pake. Nikauliza swali lake: "Maji yamerudi. Sasa tufanye nini?" Wakati huo sikuwa ninauliza habari za maji. Mama Feza akavua ndala. Akamwaga mchanga. Jibu hatukuwa tumemwandikia bado. Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa iwe kiti, akasema, "Kwanza ikala."

Nikakaa, Papa. Nikalia pale kati ya samaki, naye akaendelea kuwauzia watu.

Ninakuahidi filamu itaisha, na jibu hilo halitaguswa. Pale anapovua ndala sitakata hata kidogo. Wangoje.

Lala salama, Mwalimu. Usihangaike tena na sisi. Mimi nimekaa.

Fundi wako,
Vumilia