Jeneza lililobaki Igurwa

Xaveria, uko? Tumetoka kumzika baba sasa hivi. Acha nikwambie yaliyotukuta na jeneza.

Asubuhi limeletwa, baba haenei! Miguu inabaki nje! Fundi Theoneste hakumpima, alimkadiria kwa macho, maana alizoea kumwona akitembea amepinda mgongo. Kumbe kifo kimemnyoosha.

Akakimbia kuleta jingine refu lililokuwa tayari. Sawa. Lakini la kwanza amekataa kulichukua. Amekataa kabisa! Eti, "Jeneza likishaingia kwenye msiba halirudi kwangu. Likirudi, litatafuta mtu wa nyumbani kwangu." Akawasha pikipiki, huyo.

Tumerudi kutoka kaburini, watu wakaanza kubishana mbele ya mama. Baba mdogo anataka lichomwe moto. Wengine wanasema mbao ni nzuri, zitafaa kwa mlango wa banda la mbuzi. Banda la mbuzi, Xaveria! Mama anaangalia migomba tu.

Mwisho akainuka, akavua kitenge alichojitanda, akalifunika lile jeneza.

"Liingizeni chumbani kwangu," akasema. "Mimi ni mfupi."