Nyumba Alizoingia Mama Komora

Mama yangu mpenzi,

Nashika miguu yako kutoka huku Hewani, na moyo wangu uko Kipini kwako. Goti bado linakusumbua? Mke wangu Amina amepata nguvu tangu ajifungue? Nimefurahi mno kusikia mtoto mmempa jina la bibi. Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale unapouliza kama Amina aje kwangu na mtoto kwa mtumbwi, au kama ndui iko huku. Nitakujibu, ila kwanza nikuambie aibu yangu.

Mwezi uliopita wapiga kafi walileta habari kwamba kijijini Kinakomba watu wanakufa kwa ndui. Wengine wakasema hapana, ni tetekuwanga ya watoto. Ndipo akapita mfanyabiashara mmoja, kanzu safi, tasbihi mkononi, akanisalimia kwa jina la marehemu baba na kuniapia kuwa ni tetekuwanga tu. Mpunga wake ulikuwa ukingoja wanunuzi kule kule, lakini hilo sikuliwaza. Unakijua kichwa cha mwanao, kikisifiwa kidogo huvimba. Nikakaa dukani kati ya chumvi na nguo zangu, nikawaambia watu waende Kinakomba, hakuna neno. Wakaniamini kwa kuwa najua kusoma.

Wazee hawakuridhika. Wakamtuma Mama Komora akaangalie, ambaye ndui ilimpiga utotoni ikamwachia makovu uso mzima, maana aliyeugua mara moja haimshiki tena. Mimi hata salamu yake nilikuwa naiitika nusu.

Aliporudi hakuvuka mto. Alichoma nguo zake, akakaa ng'ambo siku nyingi, nasi tukimwachia chakula ukingoni. Akatuambia kutoka huko huko:

“Mimi nimeingia nyumba nne. Tatu nimeona ndui kwa macho yangu. Ya nne imefungwa.”

“Na hiyo ya nne ni ndui?” nikamuuliza.

“Nimesema imefungwa.”

Kisha akasema amemzika Dadho. Dadho alikuwa jirani yangu, alikwenda kununua mpunga kwa neno langu. Mkewe bado huja dukani kuchukua chumvi, wala hanilaumu. Mama, afadhali angenilaumu.

Sasa swali lako. Natamani kuandika waje, maana sijamwona mwanangu. Kila ninayemuuliza husema Hewani ni salama, na ninapenda kuwasikia. Mama Komora peke yake amekataa kusema hivyo. Tangu avuke amekuwa akipita hapa nyumba hadi nyumba, na jana zilikuwa zimebaki mbili. Moja ni yangu. Tangu juzi nina homa na mgongo unaniuma. Najiambia ni kubeba makanda ya chumvi.

Nisalimie dada Zena, na mjomba seremala, na mwalimu anayekusomea barua hii. Mwambie asiruke mstari. Mtoto mpakate kwa ajili yangu.

Karatasi hii itafukizwa moshi isilete ugonjwa, na anayeileta ni Mama Komora mwenyewe. Asubuhi hii nimemfungulia mlango. Amenitazama uso, viganja na ndani ya mdomo, kisha akaomba barua bila kuniambia kitu. Msimsogelee, mwulizeni kwa mbali. Mimi nakuandikia kwamba ni uchovu tu. Yeye akikwambia lingine, mama, shika lake, na Amina asije.

Mwanao,
Athumani