Valvu, Transista na Kaseti ya Uzi Mwekundu

Kitaya,
Mtwara Vijijini.
12 Oktoba, 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Sudi, mume wangu mdogo,

Asalaam aleikum. Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama yangu hakunifunza kumrukia mtu bila salamu. U mzima? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa baridi ya huko Arusha? Unakula ugali, au unashindia chipsi?

Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti linaniuma lakini linatembea. Korosho zimeanza kudondoka, naziokota asubuhi mpaka mgongo unagoma. Anayeandika ni Latifa, binti wa mjomba wako. Mkono wake, mdomo wangu. Nimemwambia asilainishe neno hata moja, maana namjua, ana huruma na wewe.

Haya, sasa kaa chini. Simu ungeikata, barua utaisoma mpaka mwisho.

Juzi Latifa alikuwa kwake Rahaleo, Mtwara mjini, akaitwa na jirani yake, Anold, yule kijana wa bandarini. Kumbe Anold yumo kwenye kundi lenu la Wasapu, la wanaume wanaobishana juu ya hedfoni. Akamwambia, "Dada, huyu si ndugu yako? Sikiliza alichoturushia." Latifa akaweka sikio, kisha akamnyang'anya simu. Anold anashangaa: "Vipi tena? Si ngoma tu?" Latifa akamjibu, "Ingekuwa ya mama yako ungesema ngoma tu?" Asubuhi yake akapanda basi kuja kunieleza.

Sudi, una wazimu? Nyimbo za unyago! Nyimbo ambazo babu yako, miaka thelathini na sita ya ndoa, hakuwahi kunisikia nikizinong'ona, wewe umewamwagia wanaume themanini na watatu! Latifa amewahesabu. Eti wasikilize mara mbili, mara ya kwanza kwa amplifaya ya valvu, mara ya pili kwa ya transista, wakuchagulie ipi ununue. Dunia nzima imejaa muziki, taarabu ipo, dansi ipo, kasida zipo. Ukaona cha kupimia vyombo vyako ni siri ya bibi zako?

Kosa langu nalisema mwenyewe. Ulipokuja Idi ukaniomba kaseti ya babu yako ya dufu, nilikupa mkebe mzima badala ya kukutolea moja. Lakini nilikwambia, tena mara mbili: yenye uzi mwekundu usiiguse. Mimi sisomi, uzi ndio maandishi yangu. Mweupe ni dini, mweusi ni za babu yako, mwekundu ni za wanawake. Ukaitikia "Ndiyo, Bibi." Halafu ukaufungua uzi. Mtoto aliyezaliwa Kitaya, ngoma ya kwanza tu ilipolia, hukujua ni ya wapi?

Na hilo si kubwa. Kubwa ni ulichoandika chini yake. Nilimwambia Latifa arudie kunisomea, nikadhani nimesikia vibaya. "Mwanamke fulani wa kijijini anaimba. Kwenye valvu sauti yake ina joto, kwenye transista inakwaruza."

Mwanamke fulani huyo ni Rukia, binti yangu. Ni mama yako mzazi.

Kutomjua sikulaumu. Alikufa una miaka mitatu, ungeikumbuka vipi sauti yake? Nakulaumu kwa sababu ulisikiliza joto, ukasikiliza mkwaruzo, hukumsikiliza mtu. Hukujiuliza hata mara moja, huyu ni nani ndani ya mkebe wa bibi yangu? Masikio umeyavisha vitu vya bei, ndani hamna mtu.

Hizo amplifaya zako usidhani sizielewi. Babu yako alikuwa na redio ya valvu, kubwa kama kabati. Ukiiwasha unangoja ipate moto kama unavyongoja uji uchemke, kisha sauti inatoka imenona, kila msoma habari kama bwana harusi. Niliipenda, sisemi uongo. Halafu akanunua ya transista. Hiyo ukibonyeza tu imesema, kavukavu. Yule bwana harusi wetu, kumbe siku zote ana mafua! Ndiyo hivyo. Valvu inakubembeleza, transista inakwambia. Wewe umebembelezwa vya kutosha, na mimi ndiye niliyekubembeleza. Nunua ya transista. Mkwaruzo ulioukataa ni koo la mama yako, alikuwa ametoka kuumwa wiki nzima na bado akaimba, maana wali, wale wasichana wa kufundwa, walikuwa wanamngoja.

Latifa anasema nipumzike ninywe maji. Nimekunywa. Naendelea.

Pale mwisho umewaandikia wenzako: "Upande wa pili unamalizikia na kelele za mtoto, nimezikata zisituharibie." Sudi, mtoto huyo ni wewe. Nyimbo zilikuwa zimekwisha, Rukia amekaa kwenye mkeka wangu, redio kaseti haijazimwa, wewe unalilia ziwa. Anakwambia, "Nyamaza basi, mume wa watu, si nakuja?" Kisha anacheka. Kuongea kwake, kucheka kwake, hatuna pengine popote.

Nijibu hili kabla ya jambo lolote: umezikata wapi? Latifa ananituliza, anasema utakuwa umekata kwenye simu tu, kaseti haijaguswa. Mimi sijui mambo hayo. Tangu aliponieleza habari hii chakula hakinipiti. Piga simu kwa Latifa siku hiyohiyo utakayopata barua hii, useme kwa mdomo wako ipo au haipo.

Kwenye kundi futa, uwaombe na wenzako wafute, uwaambie kwa nini. Usione haya kuwaambia ni mama yako. Kaseti usiitume kwa basi, usimpe mtu. Ilete mwenyewe kabla ya mwezi wa kumi na mbili, wali hawajaingia ndani. Mimi nyakanga wao, ninayewafunda, nimeanza kupoteza mistari, na Somoe atakayeshika nafasi yangu anajifunza kwa sauti ya Rukia. Njoo na kuku wawili weupe na doti ya khanga, ndiyo faini yako. Manyakanga wenzangu walitaka uzuiwe kuingia kijijini mwaka mzima. Nimewapigia magoti, na goti lenyewe unalijua.

Nyimbo hutazisikia tena. Ila kipande kile cha mwisho hakina mwiko kwako. Kikiwapo, tutakaa chumbani kwangu, wewe na mimi, uvae hizo hedfoni zako, umsikilize mama yako anavyokuita.

Mjomba wako Bakari anakusalimu, naye amekasirika lakini amenuna tu, hawezi kusema kama mimi. Somoe anakusalimu. Nisalimie mkeo Jesca na wifi zake wote wa huko, mwambie khanga aichague yeye, wewe huna jicho.

Mungu akufunike, akulinde na ajali za barabarani, akufungue masikio.

Wako akupendaye akiwa ameshika fimbo,

Bibi yako, Sabra binti Yusufu
(dole gumba langu, nimelitia mwenyewe)