Mwenza Waliyemuulizia Kliniki

Mama Mdogo,

Sijamwambia mtu yeyote kwamba najua kilichokuua. Mama anawaambia majirani ni kifua, nami naitikia ndiyo, kifua. Lakini siku ile wodini uliniambia mwenyewe, umenishika kidole gumba: ni virusi, tena vimekaa miaka. "Usimwambie hata mama yako."

Kisha ukacheka. "Kumbe mwenza ni mume! Kumbe walikuwa wanamtaka baba yako mdogo!" Ukacheka mpaka kikohozi kikakukamata, na mimi nikacheka. Sasa kicheko kile ndicho kinachoniuma.

Nilikuwapo, Mama Mdogo. Nilikubebea mkoba ulipokuwa na mimba ya Sudi. Nesi alikupima virusi, akakwambia uko salama, mara nyingine uje na mwenza wako. Ukamjibu, "Sina mwenza, nesi. Niko peke yangu kwa mume wangu." Akina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. "Subiri, mwaya, wenza wako njiani!" Nesi naye akacheka, akadhani unatania, akaita mwingine. Mimi sikuona kosa. Kwetu mwenza ni yule bibi wa Isikizya, mke mwingine wa Babu. Nani angefikiri ni Baba Mdogo, aliyekuwa Usinge msimu mzima akinunua asali?

Ukarudi nyumbani ukiamini umepimwa kwa niaba ya wote wawili. Hukupima tena.

Wiki iliyopita mwalimu wa Biolojia aliuliza kwa nini mijini wanawake wanaambukizwa virusi vya UKIMWI zaidi kuliko wanaume. Wavulana wakasema baa. Wakasema tamaa ya simu. Nilitaka kusema kuna wanawake ambao hawajawahi kutoka nje ya ndoa zao, wanachuja asali uani na kumsubiri mume asiyeulizwa alikolala. Mkono haukunyanyuka. Unanijua.

Sudi yuko kwetu. Walimpima kulekule hospitali, yuko salama. Bado anatafuna vipande vya nta, kama ulivyomzoesha. Baba Mdogo naye walimwita, amegoma kupima. "Mgonjwa ataweza kunyanyua madumu mawili ya asali?" Na anaoa, Mama Mdogo. Anamwoa Dada Mwajuma wa saluni ya Itetemia, yule aliyekuja kukusuka wodini. Nimeambiwa nianze kumwita Mama Mdogo. Siwezi. Namwogopea.

Siri yako sitaitaja. Lakini kunyamaza kabisa siwezi tena. Pumzika, Mama Mdogo wangu. Nakuahidi, Sudi akiniuliza juu yako, nitamjibu kwa maneno yanayoeleweka. Kesho nakwenda saluni.

Nimekwenda. Maneno niliyoyapanga yalipotea yote. Nilisema nikiangalia sakafu, "Dada, msioane kabla hamjapima virusi, wewe na Baba Mdogo, pamoja."

Akacheka. "We mtoto wa vitabu, leo umeota ulimi?" Kisha akaacha kucheka. "Wewe ndiye uliyemuuguza."

Nikasema ndiyo. Hakuuliza zaidi. Alimpigia simu Baba Mdogo palepale, akamwambia ndoa isubiri mpaka wapime. Sauti yake ilipanda, na ile ya simuni nayo ikapanda. Kitana kilimdondoka. Nilikiokota, nikakiweka mezani, nikatoka kwenda kumchukua Sudi madrasa.