Buti Zangu na Kifua cha Kaka

Jumapili, 3 Agosti

Barua ya chuo cha maofisa imefika juzi na tangu hapo baba hajakaa chini. Nimepata nafasi! Kuripoti Jumatatu ya tarehe 18, asubuhi, begi moja tu. Leo baba kaisoma orodha ya vitu sebuleni, mbele ya wageni, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Nguo za ndani nyeusi, pea nane, zisizo na urembo wowote." Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Baba hajawahi kuwa askari. Alikuwa mtunza stoo kambini, raia, mpaka siku ya kustaafu. Hajapiga risasi hata moja. Ila kagawa mabuti na mablanketi kwa vijana ambao leo wana nyota mabegani, na anataka nyota moja iingie nyumba hii hata kupitia dirishani. Kaka alitumwa kuileta miaka miwili iliyopita, akarudi mapema sana kwa sababu ya kifua. Sasa zamu yangu.

Na mimi nataka. Naona haya kuandika, lakini nataka kweli, si kwa ajili ya baba. Nataka kujua kama ninaweza.

Jumanne, 5 Agosti

Buti! Chuo kinasema uje nazo zikiwa zimeshauzoea mguu. Kwa hiyo nazivaa sokoni, jikoni, chooni. Mama kasema ni kama kapangisha farasi. Malengelenge mawili kisigino cha kulia, moja kwenye kidole kidogo. Baba kayakagua yote, karidhika, karudi kwenye gazeti lake.

Tumejaribu kufunga begi. Halikufungika, na sishangai — baba kapakia stoo nzima. Taulo nne. Mche mzima wa sabuni ya kufulia. Kufuli tatu, kamba, mishumaa, na dawa ya mchwa. Nikauliza, mchwa wa nini, baba? Kasema siku moja nitamshukuru. Mama naye kanichomekea karanga ndani ya soksi. Orodha inasema wazi chakula ni marufuku. Mama kasema karanga si chakula, ni karanga.

Jioni bibi wa nyumba ya pili kaleta asali. Si yangu, ya kaka, ya kifua chake. Kila mwezi analeta chupa, hajakosa. Kaka katoka chumbani, kapokea kwa mikono miwili, kamwambia shikamoo, kisha kakohoa kidogo. Huyu kaka! Anaweza kukaa siku nzima bila kukohoa, lakini akija mgeni wa baba, kohokoho. Hata mtaani hawamwiti jina tena. Ana saluni pale kona, kinyozi mzuri kuliko wote, na watu wanaelekezana hivi: nenda kwa Kifua akupunguze.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekimbia mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Yaani, kurudi nimetembea. Kuna mahali nilikaa kabisa.

Usiniulize pushapu.

Nimetafuta mtandaoni mambo ya kutegemea huko. Nimekuta jamaa mmoja mwenye misuli mpaka masikioni anashauri "jiandae kiakili". Asante sana, bwana, umenisaidia mno. Nimemuuliza kaka, yeye si alifika? Kasema, "Utaona." Miaka miwili jibu lake ni hilo. Ukimsukuma zaidi anakumbuka kwamba ana mteja.

Jumapili, 10 Agosti

Leo kuna mengi.

Orodha inataka nywele fupi au zilizobanwa juu ya kola. Nikasema za kubana nitabana saa ngapi na mtu ananipigia filimbi? Nikaenda kwa kaka, nikamwambia toa zote. Saluni ilikuwa tupu. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha kawasha mashine.

Sijui ni mngurumo wa mashine au ni kwa vile kichwa changu kilikuwa mikononi mwake nisiweze kugeuka. Kaanza kusema, mwenyewe, bila kuulizwa. Ukishatandika kitanda vizuri usiingie tena ndani ya shuka, lala juu yake na blanketi la pili, asubuhi unakung'uta tu. Usiwe wa kwanza, usiwe wa mwisho — wa katikati hawamjui jina. Afande akikufokea, mtazame kwenye paji la uso, si machoni wala chini. Hatari kubwa si kulia, ni kucheka, maana wale watu wanachekesha makusudi. Na kulia, "Utalia tu, dada. Lia bafuni maji yakiwa yanatoka." Poda ya miguu chukua makopo mawili. Dawa ya mchwa toa.

Nilikuwa nacheka mpaka ananishika sikio nitulie. Ndipo nikauliza, kifua kilikushika wapi, kwenye mbio?

Kazima mashine. Upande mmoja wa kichwa nina nywele, upande mwingine sina.

"Sina kifua," kasema. "Sijawahi kuwa nacho."

Kumbe hakurudishwa. Aliomba mwenyewe! Anasema hakuna aliyempiga, na mbio alikuwa anaziweza. Asubuhi moja wamesimama mstarini kusubiri kunyolewa, akawa anamtazama kinyozi wa chuo anavyoharibu vichwa vya watu, akajikuta anawaza kwamba mahali pekee ambapo angependa kusimama ni pale, nyuma ya kile kiti. Akanyoosha mkono, akasema anataka kwenda nyumbani. Afande alidhani ni utani. Wakamwandikia ruhusa, wakampa nauli.

Baba alimpokea kituo cha mabasi. Kaka kanisimulia hivi: "Tulipoanza kutembea nilikuwa nimeacha kwa hiari yangu. Tulipofika mlangoni nilikuwa na kifua."

Nikauliza, na kule kukohoa? Kasema baba alikuwa anamkonyeza yeye kila mgeni akiingia. Siku hizi wala hakonyezi, kikohozi kinakuja chenyewe.

Nimekasirika mpaka nikasahau kwamba nina nusu ya nywele. Imebidi anikumbushe.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa!

Chuo kinataka cheti cha afya chenye muhuri wa kliniki ninakotibiwa. Nikaenda na upara wangu unaong'aa. Macho, sawa. Mapigo ya moyo, sawa. Miguu — daktari kauliza nimepigana na nani. Vizuri tu mpaka kafika kwenye swali: je, kwenu kuna pumu au ugonjwa wowote wa kifua?

Nikasema hakuna.

Akaweka kalamu chini. "Yule kinyozi wa kona si kaka yako?"

Nikasema ni kaka yangu.

"Si ndiye wanamwita Kifua? Mimi mwenyewe ananinyoa. Baba yako alinieleza pale pale saluni, kwamba jeshi lilimrudisha kwa kifua."

Mdomo nikaufungua. Ila mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la mbele, anasubiri dawa yake ya magoti, bibi wa asali! Masikio yake yote yako kwetu. Nikimsema baba pale, kufika jioni mtaa mzima umepata. Nikaufunga mdomo.

Daktari si mtu mbaya. Kanieleza polepole. Kifua kinaweza kuwa cha ukoo. Akipiga muhuri, kisha mimi nikaanguka huko nahema, ataulizwa yeye. Kwa hiyo nimlete kaka Jumamosi ampime, na baba aje aeleze ilivyokuwa. Bila hivyo hasaini. Nikiripoti Jumatatu bila cheti, getini hapo hapo wananigeuza.

Yaani nitarudishwa mapema kuliko kaka. Na mimi kwa kifua! Cha mtu mwingine! Ambacho hana!

Alhamisi, 14 Agosti

Nimewaambia mezani, wote wanne tukiwepo. Nilianza kwa utani, utani ukaniishia.

Baba hakuuliza nimejuaje. Kaanza moja kwa moja kupanga mikakati kama jenerali. Mpango wa kwanza: daktari mwingine. Haiwezekani, faili langu liko pale tangu nazaliwa. Mpango wa pili: kaka asafiri. Kaka kauliza, asafiri na kifua chake? Mpango wa tatu: kaka aende, apimwe, na baba aseme kwamba alipona.

"Kwa asali," mama kasema.

Tukamgeukia. Mama hasemi sana. Kasema, "Mwenzangu, asali hiyo nainywa mimi kwenye chai. Miaka miwili. Kila nikikutana na yule bibi ananiuliza mtoto anaendeleaje, nami namwambia anaendelea vizuri, na chai inaninyonga."

Baba kasema alifanya vile ili wasimcheke mtoto.

"Mbona walinicheka, baba," kaka kasema. Hakupandisha sauti. "Wananiita Kifua. Jumamosi nitakuja kwa ajili ya huyu. Ila mimi sikohoi tena."

Baba kaondoka mezani, chakula kimebaki.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemkuta baba chumbani kwangu, kalifungua begi, anapakia upya. Kaondoa mishumaa, kamba, taulo tatu. Dawa ya mchwa ilikuwa imeshawekwa sakafuni. Anakunja blanketi kwa ule mkunjo wa stoo, pembe juu ya pembe, na mikono yake inajua kazi hiyo vizuri hivi kwamba nilisimama tu mlangoni nikimtazama. Nampenda baba yangu. Nilitaka pia kumrushia buti.

Kasema bila kugeuka: "Mtu akiumwa hakuna anayemuuliza zaidi. Akisema hakutaka, watauliza mpaka afe."

Nikamuuliza swali ambalo natembea nalo tangu Jumapili. Nikirudi mimi je? Nikishindwa, au nikiona sitaki, utawaambia watu naumwa nini?

Kavuta zipu. Begi likafungika kwa mara ya kwanza, akabaki amelishikilia kwa juu kwa muda, kisha akatoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwenye benchi la kliniki, daftari juu ya goti. Mama kulia kwangu. Nimevaa buti — sijui kwa nini, labda ili daktari aone kwamba niko tayari.

Korido imejaa. Jumamosi ndiyo siku ya presha na sukari, nilisahau kabisa. Nusu ya sebule yetu iko hapa! Kuna yule fundi saa rafiki yake baba, kuna wazee wawili walioisikiliza orodha ya nguo zangu za ndani, na bibi wa asali kakaa jirani kabisa na mlango wa daktari. Kaleta na chupa. Kasikia kaka anapimwa.

Baba kavaa koti lake la kustaafia. Njiani kamshika kaka bega kwenye kuvuka barabara, kama mtoto. Kaka kamwacha amshike.

Wameingia. Nesi kaacha mlango wazi ili hewa ipite, feni imekufa. Kutoka hapa nawaona nusu nusu. Kaka kavua shati. Daktari kavaa ile mipira yake masikioni, kamwekea kifaa mgongoni. Vuta pumzi. Toa. Vuta tena. Kahamia mbele.

"Kohoa," kasema daktari.

Kaka kimya.

"Kohoa kidogo, nisikie."

Kaka kamtazama baba. Hakuna mtu hapa anayejua kukohoa vizuri kuliko yeye, na hakohoi. Naandika haraka mpaka mwandiko umeharibika. Akikohoa kwa mazoea, sina cheti. Asipokohoa, daktari atadhani anaficha.

Mama kanishika mkono ninaoandikia. Nimehamishia kalamu mkono wa pili — basi, kauachia.

Baba kasimama. Kasema kitu, chini chini, akimwinamia daktari. Nimesikia "huyu mtoto" tu.

Daktari katikisa kichwa, kifaa bado kiko kifuani kwa kaka. "Sikusikii, mzee. Nina mipira masikioni. Ongea kwa sauti."

Fundi saa kakunja gazeti. Bibi wa asali kasogea mbele kidogo kwenye kiti chake.

Baba katugeukia. Kaona kila mtu aliyepo, mmoja mmoja, na mlango ulivyo wazi. Nilidhani ataufunga. Nesi mwenyewe kamuuliza aufunge? Baba kasema uache.

Sasa anaanza upya, na safari hii ni kwa sauti: "Huyu mtoto hajawahi kuwa na kifua."